Umri wa Mguu

Msimu wa 2021/22 kiatu cha mfungaji bora wa Ligi Kuu hakikwenda Kariakoo, kwa Simba wala Yanga. Kilikwenda Geita. George Mpole alifunga mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga, na hiyo ndiyo Yanga iliyotwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja. Geita Gold ilikuwa ndiyo kwanza imepanda daraja. Chini ya Fred Felix Minziro, ambaye watu wa mpira humwita Baba Isaya, timu hiyo ngeni ilimaliza ya nne na kupata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Tarehe 4 Juni 2022, huko Cotonou, Mpole akiwa na jezi ya Taifa Stars aliifunga Niger wakati watu wengi walikuwa bado wanatafuta pa kukaa mbele ya runinga. Mchezo ukaisha 1-1.

Geita ilitembea kifua mbele miezi ile. Ni mkoa tangu 2012 tu. Kabla ya hapo watu wake walihesabiwa Mwanza, wengine Kagera na Shinyanga. Huko mbali, ukitaja Geita, mtu alikuuliza habari za dhahabu na mashimo. Sasa akawa anakuuliza habari za Mpole. Muuza mitumba wa sokoni na mhandisi wa mgodini walikuwa na neno moja la kuanzia mazungumzo, na mimi naamini jambo la namna hiyo lina thamani yake kwa mji unaojaa watu waliotoka kila kona ya nchi kutafuta riziki, wakiwa hawafahamiani.

Yote hayo yalichukua misimu mitatu kwisha. Septemba 2022 Geita Gold ilifungwa 1-0 na Hilal Alsahil ya Sudan, ikashinda 2-1 marudiano, ikatoka kwa lile bao moja la ugenini. Mpole akaondoka kwenda Lubumbashi kuichezea Saint-Éloi Lupopo. Mei 2024 timu ikashuka daraja. Simsemi Mpole kama mtu aliyekwisha, maana alikuwa bado na mpira mguuni. Nasema jinsi muda wa mambo haya ulivyo mfupi, na jinsi sisi tunaoshangilia tunavyousahau ufupi huo wakati tungali tunashangilia.

Kanda yetu ya migodi inaujua ufupi huu vizuri kuliko nyingi. Shinyanga mjini ilikuwa na Stand United, Chama la Wana, timu iliyozaliwa stendi ya mabasi, miongoni mwa wapiga debe na makondakta na vijana waliokuwa wakishinda pale wakisubiri basi la kupakia. Ikafika Ligi Kuu msimu wa 2014/15. Acacia, kampuni iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi wakati huo, ikaidhamini. Kocha Mfaransa, Patrick Liewig, akaja kuifundisha. Amri Kiemba, aliyewahi kuwika Simba, akavaa jezi yake. Kisha viongozi wakagombana, udhamini ukakatika, na 2019 ikashuka. Misimu mitano. Jirani yao Mwadui FC, iliyopandishwa na Jamhuri Kihwelo, huyu tunayemwita Julio, ilicheza Ligi Kuu kuanzia 2015/16 hadi 2020/21. Misimu sita. Wakati huohuo mgodi wa almasi wa Mwadui, uliovumbuliwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940, bado unachimbwa.

Ndani ya misimu hiyo mitano na sita na mitatu kulikuwa na watu. Tunazoea kusema timu imepanda, timu imeshuka. Lakini timu inaweza kushuka leo na kupanda tena baada ya miaka kumi. Stand yenyewe mwaka 2025 ilifika mchujo wa kupanda, ikazuiwa na Fountain Gate. Timu ina subira hiyo. Goti la beki halina.

Chukua Septemba 2018. Stand ilikwenda Dar es Salaam kucheza na Yanga. Mrundi mmoja, Alex Kitenge, akafunga mabao matatu peke yake kwenye uwanja ule mkubwa, mbele ya watu waliokuja kuona mgeni akipigwa. Stand walifungwa 4-3. Msimu uleule wakashuka daraja. Ukiwa na roho ya kuhesabu tu, utasema Kitenge aliambulia patupu. Lakini nenda leo stendi ya Shinyanga, mtafute mtu mzima yeyote aliyekuwa shabiki wa Chama la Wana, umtajie jina hilo. Atakueleza bao la kwanza lilikuwaje, atakueleza la tatu, na atakueleza alikuwa amesimama wapi akilisikiliza redioni. Mechi walizoshinda wamezisahau nyingi. Hiyo waliyofungwa wanayo.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaolilia kila maisha ya uwanjani yaliyokuwa mafupi. Kuna huruma fulani tunayowapa wachezaji waliokatika mapema ambayo ndani yake ina dharau kidogo, kana kwamba mtu aliyecheza miaka minne ameishi robo tu ya kazi. Mwalimu anafundisha miaka thelathini na mitano, na katika miaka hiyo pengine kuna darasa moja tu lililomkumbuka maisha yake yote. Hatusemi amepoteza miaka mingine. Kazi ya mguu ina umri wake. Mguu unaiva ukiwa na miaka ishirini na kitu, na mtu akijaliwa sana anafika thelathini na nne, thelathini na tano. Wengi hawafiki. Aliyecheza kwa haki ndani ya muda aliopewa amemaliza kazi yake.

Na upo ufupi mwingine ambao kuusema tu ni kazi. Desemba 2016, uwanja wa Kaitaba, Bukoba, kwenye ligi ya vijana chini ya miaka 20, Mbao ya Mwanza ilikuwa inacheza na vijana wa Mwadui. Ismail Khalfan wa Mbao alikuwa ameshafunga bao siku ile. Akagongana na mchezaji mwingine, akaanguka, hakuamka. Waliomwona wanasema alikuwa mchezaji hasa. Sitaki kujenga hoja yoyote juu ya kijana yule. Namtaja kwa sababu vijana wa Mwadui waliokuwa uwanjani siku hiyo walirudi Shinyanga na jambo hilo kifuani, nao ni watoto wa huku kwetu, na kwa sababu tangu siku ile sijaweza kusikia mtu akiuita mpira mchezo tu bila kumkumbuka.

Ufupi wa maisha ya uwanjani upo hata kwenye nchi zenye hospitali za kila aina. Wamarekani wana mchezo wao wa besiboli, na ndani yake kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kurusha mpira kwa nguvu na kwa hila ili mwenye gongo asiupate. Mrushaji huyo hutegemea bega moja na kiwiko kimoja. Mwaka 1976 timu ya Detroit Tigers ilimwingiza uwanjani kijana wa miaka 21, Mark Fidrych. Alikuwa akizungumza na mpira kabla hajaurusha, watu wakimwona midomo inacheza. Alikuwa akipiga magoti kwenye kichuguu anaposimama mrushaji na kukisawazisha udongo kwa mikono yake. Alishinda mechi 19 msimu huo, akatangazwa mchezaji mpya bora wa ligi yake, na viwanja vikajaa kila alipopangwa, hata vya ugenini. Wakati huo alikuwa analipwa mshahara wa chini kabisa wa ligi.

Mwaka uliofuata akaumia goti mazoezini. Akarudi mapema, bega likakataa. Alihangaika hadi 1980, mchezo wake wa mwisho katika ligi kubwa, akajaribu tena ligi za chini, akaacha 1983. Mwaka 1985 ndipo daktari alipogundua kuwa misuli ya bega lile ilikuwa imechanika. Miaka yote ile alikuwa akirusha mpira na bega lililochanika, na wapo walioamini kuwa tatizo lake lilikuwa kichwani. Akarudi kwao Massachusetts, akanunua shamba, akaendesha lori la kubebea kifusi. Alifariki 2009, akiwa chini ya lori hilo akilitengeneza, na wanaomfahamu wanasema alikuwa mtu mwenye furaha.

Nimekaa na habari ya Fidrych muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Lori la kifusi linanigusa, bila shaka, kwa sababu huku kwetu ndilo gari tunaloliona kila siku. Lakini kinachonigusa zaidi ni ile miaka kati ya 1977 na 1985. Uchungu wa kuacha kucheza ni jambo ambalo mtu mzima anaweza kulibeba. Kuumia bila mtu kukuambia umeumia nini, na kuonekana mvivu au mwoga wakati mwili wako umechanika, hilo ni jambo jingine, na hilo si majaliwa. Ni uzembe wa waliokuwa na wajibu wa kujua.

Nyarugusu, ng'ambo ya Geita mjini, nimekutana na mtu wa namna hiyo. Jina lake silitaji, wala timu aliyochezea. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa kando ya karasha, mashine ya kusaga mawe, mguu wa kulia ameunyoosha mbele, daftari la hesabu mapajani. Kazi yake ni kuandika viroba vya mawe vinavyoingia kusagwa: cha nani, kutoka duara (shimo) gani, saa ngapi. Karasha linapiga kelele kiasi kwamba watu wanasemezana kwa vidole. Vumbi jeupe lilikuwa limemkaa kwenye nyusi. Kila aliyepita na kiroba begani alimsalimia kwa jina lake la uwanjani, si jina la baba yake, na yeye aliinua kalamu kujibu bila kuacha kuandika.

Alipotaka kusimama nilimwona anavyofanya. Aliweka daftari chini kwanza. Akaweka kiganja cha kushoto juu ya goti zima, akasukuma, akausubiri mguu wa kulia ufike wenyewe. Haukukunjika. Alikuwa beki wa pembeni, wa wale wanaopanda na kushuka dakika tisini, na hatua tano za kwenda kwenye kivuli alizihesabu.

"Goti lilizunguka mazoezini, jioni," aliniambia. "Wakanichoma sindano ya maumivu, wakanifunga bandeji. Nikacheza mbili tena. Ya tatu sikuweza kushuka kwenye basi." Mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi michache. Akaambiwa apumzike nyumbani, ataitwa. Nilimuuliza kama aliitwa. Akacheka. "Kaka, namba ya simu ni ileile mpaka leo."

Nilidhani atalaumu. Hakulaumu. Alinisimulia jioni moja uwanja wa Kambarage, Shinyanga, ukiwa umefurika, alivyompokonya mpira winga wa timu moja kubwa ya Dar, akautoa nje, na jukwaa zima likasimama. Alisimulia kwa mikono yote miwili, vumbi likidondoka. Akasema hajutii hata siku moja aliyocheza. Ila alisema neno ambalo sijaliacha tangu hapo: kwamba kama angejua mapema kuwa ni miaka minne, angeipanga kama miaka minne.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama, kwa sababu sisi tunaoishi kwenye ukanda wa migodi hatuna udhuru wa kutojua mambo haya.

Mgodi mkubwa katika nchi hii hauanzishwi kwa furaha ya kupata dhahabu peke yake. Sheria inamtaka mwenye mgodi awe na mpango wa kuufunga, na aweke dhamana ya fedha ya kurudishia ardhi hali yake. Anapochimba jiwe la kwanza, siku ya jiwe la mwisho iko kwenye karatasi. Kahama wanaelewa ninachosema. Buzwagi ulianza uzalishaji 2009. Mwaka 2021 ukamaliza kusaga mawe yake. Miaka kumi na miwili tu, na kwa kipimo cha migodi hiyo ni michache. Lakini wakati mitambo inazimwa kulikuwa na mpango, kulikuwa na vikao na halmashauri na vijiji, kulikuwa na hesabu ya maji, ya shimo, ya kiwanja cha ndege, ya majengo. Eneo likaelekezwa kuwa eneo maalumu la uwekezaji. Mtu anaweza kulalamikia hili au lile katika mpango ule, na wapo wanaolalamika kwa haki. Lakini ulikuwepo.

Sasa mchukue kijana wa miaka 19 anayesainishwa na klabu. Kila mtu mezani anajua kuwa mguu ule una miaka sita, minane, kumi ikizidi sana. Katibu anajua, kocha anajua, mdhamini ambaye kampuni yake ina kitabu kizima cha kufunga mgodi anajua. Mkataba unataja mshahara, posho, pesa ya usajili, nidhamu, faini ya kuchelewa mazoezini. Kuhusu siku ya mwisho hausemi kitu isipokuwa tarehe. Tumeutengenezea udongo mpango wa kustaafu, kijana tumemwachia Mungu.

Niseme pia habari ya pensheni, maana watu hudhani NSSF inamaliza mambo. Mchezaji mwenye mkataba ni mfanyakazi, na mwajiri wake ana wajibu wa kumwandikisha na kupeleka michango kila mwezi. Hilo ni la lazima na lifanyike. Lakini pensheni ya uzeeni inadai michango isiyopungua miezi 180. Hiyo ni miaka kumi na tano. Beki wetu wa Nyarugusu alicheza minne. Hata yule anayejaliwa kucheza kumi, ana miezi 120, na bado yuko mbali na umri wa kustaafu. Asipopata kazi nyingine ya kuendeleza michango ile, au asipoelekezwa kujiunga na mpango wa hiari na kuendelea kuchangia kidogokidogo, miaka yake bora ya jasho inabaki nusu ya daraja. Nani anamkalisha kijana wa miaka 22 chini na kumweleza haya? Mimi sijamwona mtu huyo kwenye benchi la ufundi.

Na goti. Kutoka Geita hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili ni zaidi ya kilomita 1,000. Mwanza kuna Bugando, ambayo ni hospitali ya rufaa na iko karibu zaidi. Lakini umbali wa kweli ni ule wa kati ya sindano ya maumivu na kipimo. Kumchoma mtu sindano ili acheze Jumamosi kunachukua dakika mbili. Kumpeleka kupigwa picha, kusubiri majibu, kumwambia kocha kuwa huyu hatacheza miezi tisa, kunahitaji klabu inayomwona mchezaji kama mtu atakayekuwa na miaka hamsini siku moja. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa ajili ya anayeumia kazini. Mchezaji anaumia kazini. Kazi yake ni mahali pale hasa anapoumia.

Kuna jibu ninalolisikia kila nikilisema jambo hili, na si la kupuuzwa. Watu husema: wachezaji wenyewe wanatapanya. Wanapata pesa ya usajili leo, kesho gari, keshokutwa baa, mwezi unaofuata wanakopa. Ni kweli, wapo. Nimewaona na wewe umewaona. Lakini tunawaona pia watumishi wa umma wa miaka sitini, watu wazima wenye wajukuu na vyeti, wakipokea kiinua mgongo na ndani ya mwaka mmoja hakipo. Hatusemi basi watumishi wasiwekewe pensheni. Tunajua kuwa fedha nyingi kwa mkupuo ni mtihani kwa kila mtu, na kwa sababu hiyo tumeuwekea utaratibu kwa mtu mzima. Kijana ambaye mwaka jana alikuwa akilala watu sita chumba kimoja tunamkabidhi furushi, kisha tunasimama pembeni tukisubiri aanguke ili tuseme tulijua.

Mashimoni kwenyewe, kwa wachimbaji wadogo, kuna mgao. Mawe yakitoka, kuna viroba vya mwenye shamba, vya mwenye duara, vya wachimbaji, vya aliyegharamia chakula na matimba ya kushikizia shimo. Mgao huo una dhuluma zake nyingi na sitaki kuupamba. Lakini hakuna anayebisha kuwa aliyeshuka chini ana fungu lake, na aliyelisha watu miezi yote ambayo jiwe halikuonekana ana fungu lake. Katika mpira mwenye mguu analipwa wakati jiwe linatoa. Miezi ambayo halitoi, hakuna anayemlisha.

Wazee wa Usukuma walikuwa na namna yao. Wakati wa mashindano ya ngoma baada ya mavuno, kundi la Wagika kwa kundi la Wagalu, manju, yaani kiongozi wa ngoma, alikuwa mtu mkubwa kuliko mchezaji yeyote wa leo. Watu walitembea siku nzima kumfuata. Sauti ilipoanza kumtupa mkono hakuachwa njiani. Vijana walimwendea nyumbani kuomba nyimbo, kuomba mbinu, kuomba kuelekezwa jinsi ya kulivuta kundi la watu upande wako. Alikaa chini ya mti, nao wakamletea chochote. Aliendelea kuwa na kazi katika ngoma hata miguu ilipokoma kucheza, na jamii iliendelea kula kutoka kwenye akili yake.

Wachezaji wetu wachache wamepata njia hiyo wenyewe. Minziro aliyeifikisha Geita nafasi ya nne ni beki wa Yanga wa zamani. Julio aliyeipandisha Mwadui aliucheza mpira kwanza. Hawa walikuwa na majina makubwa, na jina kubwa hufungua mlango. Nawazungumzia wale wengine, ambao majina yao yanajulikana kutoka Tinde hadi Kakola tu. Wanajua jinsi ya kumfundisha mtoto wa darasa la sita kuusimamisha mpira kwa unyayo. Wanajua mtoto yupi anaumwa na anaficha. Shule zetu za msingi zinakwenda mashindano ya UMITASHUMTA kila mwaka na mwalimu wa hesabu ndiye aliyebambikiwa filimbi, huku kilomita mbili kutoka shuleni mtu aliyecheza Ligi Kuu anaandika viroba. Kozi ya awali ya ukocha haichukui miezi mingi. Halmashauri zinazopokea ushuru wa huduma kutoka migodini, na fedha za wajibu wa kampuni kwa jamii, haziwezi kushindwa kuwalipia watu kumi, kumi na watano kwa mwaka.

Beki wa Nyarugusu nilimuuliza kama angekubali kufundisha watoto. Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza kama angekubali chakula. Kisha akasema hana cheti, na hajui cheti kinaombwa wapi. Alisema kwa unyenyekevu, na hapo ndipo nilipoona aibu kwa niaba yetu sote, maana mtu yule aliwahi kusimamisha jukwaa zima la Kambarage na leo anaona kuwa hana anachoweza kutupa.

Nawaomba viongozi wa klabu za Shinyanga na Geita, iwe klabu ya Ligi Kuu au ya ligi za chini, waongeze ukurasa mmoja kwenye mkataba kabla ya dirisha lijalo la usajili. Ukurasa huo useme nani atalipia kipimo na matibabu mchezaji akiumia, hata kama mkataba unaisha kabla hajapona. Useme sehemu gani ya pesa ya usajili itawekwa akiba kwa jina lake hadi siku anayoacha. Useme atasomea nini wakati angali anacheza: udereva wa mitambo, ufundi umeme, ukocha, chochote anachokitaka. Migodi iliyowahi kudhamini timu, na inayodhamini sasa, ina wanasheria wanaojua kuandika mpango wa kufunga. Iziazime klabu mwanasheria mmoja kwa wiki moja.

Na wewe msomaji, ikiwa mtaani kwako yupo mtu ambaye watu bado wanamwita kwa jina la uwanjani, nenda kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nawe umtajie jina hilo wiki hii.